Kitanda cha Chiriku

Jumatatu, 4 Machi

Naandika upande wa nyuma wa daftari la vipimo. Upande wa mbele ni maturubai ya malori: urefu, upana, idadi ya pete za kupitishia kamba. Upande huu ni wangu. Aliyenishauri ni Fundi Miwani, anayeshonea meza ya pili kutoka yangu. Alisema, "Mama Chiriku, hayo unayonisimulia asubuhi mpaka jioni, yaandike mahali. Masikio yangu yamejaa."

Basi naanza. Leo Chiriku kaleta barua kutoka shuleni. Darasa lao lote litakwenda kambi wiki ya mwisho ya muhula, kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Kila mtoto aende na kitanda cha kukunja kwa sababu ni majira ya mvua na chini kutakuwa na maji. Kiwe chepesi, kimtoshe, na kiwe cha starehe. Neno "starehe" limepigiwa mstari.

Sijamaliza kusoma, Chiriku akasema, "Mama mdogo atanitafutia. Nimeshamwambia."

"Umemwambia lini na barua umepewa leo?"

"Mwalimu alitutangazia Ijumaa."

Ijumaa jioni huenda kwa baba yake, hurudi kwangu Jumapili. Ndivyo tulivyokubaliana tulipoachana, mwaka wa pili huu. Kwa hiyo habari ya kitanda cha mwanangu imekaa nyumba ile siku mbili nzima kabla ya kunifikia mimi niliyemzaa.

Halafu hilo "mama mdogo" analomwitia mke wa baba yake. Mdogo kwa nani? Kanizidi umri mwaka mzima, na kimo kanizidi kichwa. Watu wanamsifu eti mtaratibu, anaongea taratibu, anatembea taratibu, hata akikasirika anakasirika taratibu. Mimi namwita Bi Taratibu, moyoni na humu daftarini.

Jumatano, 6 Machi

Nimeomba ruhusa ya saa moja nikaenda duka la vifaa vya safari, lile lililosimamisha mahema ndani utadhani watu wanaishi humo. Vitanda vya kukunja vimepangwa safu mbili. Muuzaji akaniambia vyote ni imara.

"Imara kwa nani?" nikamuuliza, nikakipindua kimoja miguu juu. Mshono mmoja. Kitambaa chembamba, ukikiinua kwenye taa unaona vidole vyako. Nikabonyeza katikati, mkono ukazama. Sisi washona maturubai tunafundishwa jambo moja hata kabla ya kushika shazia, ile sindano nene ya magunia: turubai likilegea hukusanya maji, na maji hupasua. Kizuri ni kilichokazwa.

Nilikuwa naelekea safu ya pili nilipomwona. Bi Taratibu kavua viatu, kavipanga pembeni, kalala kwenye kitanda cha buluu katikati ya duka. Kalalia ubavu wa kushoto, magoti kayakunja mpaka karibu na kifua, mkono mmoja unaning'inia nje, vidole vinagusa sakafu. Macho kafumba. Mtu mzima, nesi wa wodi ya watoto, kalala dukani mchana kweupe kama yuko kwao.

Nikajibanza nyuma ya hema. Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ametangulia. Nikatokea mlango wa pili bila kununua kitu, na mvua ikaninyeshea njia nzima mpaka kazini.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimemsimulia Fundi Miwani habari ya dukani mara tatu. Mara ya tatu akaanza kushona mahali pasipo na mshono.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamua. Nitamshonea mwenyewe. Miaka kumi na moja nafunika malori ya watu, nishindwe na mwanangu?

Bosi kanipa kipande cha turubai la kijani kilichobaki, kipya kabisa. Stoo kulikuwa na kitanda cha zamani cha kukunja ambacho kitambaa chake kimeoza lakini vyuma ni vizima. Nitaweka pete za shaba pembeni, nipitishe kamba izunguke chuma, nikaze vilevile tunavyokaza lori.

Asubuhi kabla ya shule nimempima. Nimemsimamisha ukutani, wima, visigino nyuma, mikono chini. Sentimita mia moja ishirini na nane. Kisha bega hadi bega.

"Mama, mbona unanipima kama lori?"

"Tulia. Lori halina mdomo."

Jioni baba yake kamchukua. Ijumaa chumba chetu kinakuwa kikubwa ghafla, na ni chumba hichohicho kimoja, chenye kitanda kimoja. Siku nyingine zote mimi nalala ukingoni nimeuelekea mlango, yeye nyuma yangu, kajibandika mgongoni. Hata simsikii akilala. Mtu aliyeshona kutwa akiweka kichwa, amekwenda.

Jumapili, 10 Machi

Chiriku karudi na habari. Kitanda kimenunuliwa. Kile cha buluu.

"Kina mfuko wa kuwekea chupa ya maji," akasema.

"Cha kwangu kitakuwa na mifuko miwili."

Akafikiri. "Lakini mimi nina chupa moja."

Mtoto huyu jina lake la utani hakulipata bure, tangu alipoanza kuongea hajawahi kunyamaza. Lakini kuna siku ningependa achague la kusema. Leo sitalala vizuri, kijiba cha roho kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Pete ishirini na nne zimekwisha kupigwa.

Alhamisi, 14 Machi

Mkanda wa cherehani umekatika. Nikamaliza upindo kwa mkono, kwa shazia. Vidole vinawaka.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nilijitia hamnazo. Nikiwa namsuka nywele nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Hicho kitanda cha kwa baba yako kikoje?"

"Kinabonyea."

"Kinabonyea vipi?"

"Ukilala kinabonyea, hivi." Akapinda kiganja, kama anayekinga maji ya bomba.

Nikamkaza nywele kwa furaha mpaka akalalamika. Kinabonyea! Nesi wa watu kanunua kitu kinachobonyea na bado hajui kwamba kashindwa. Leo nimekula vizuri.

Alhamisi, 21 Machi

Baba Chiriku kapiga simu nikiwa kazini.

"Mama Chiriku, kitanda kimeshapatikana. Usijisumbue."

"Nani kakwambia najisumbua?"

"Mtoto anasema unashona."

"Nashona kila siku, ndiyo kazi yangu."

"Sasa vitanda viwili vya nini? Mtoto ana mgongo mmoja."

Nyuma yake nikaisikia sauti ile, chini, bila haraka: "Mwache mwenzako ashone. Mtoto atajaribu vyote, achague mwenyewe."

Hata ukarimu wake unaudhi. Mtu anakupa haki yako kwa namna ambayo ukiipokea unaonekana umehurumiwa. Nikasema sawa. Tumepatana Jumapili ya tarehe thelathini na moja, saa nane mchana, nyumbani kwao. Sijawahi kukanyaga humo. Baba Chiriku huja kumchukua mtoto mlangoni kwangu, na kwake mimi huishia kwenye geti.

Jumatatu, 25 Machi

Kimekwisha. Mshono mara mbili, pembe zimeimarishwa kwa ngozi, mifuko miwili. Nimevuta kamba kwa goti mpaka turubai likalia. Kisha nikadondosha pete ya shaba katikati, ikaruka juu na kuangukia sakafuni. Bosi akaja kuangalia, akairudisha pete, ikaruka tena. Akasema kama malori yote yangefungwa hivi asingepokea malalamiko.

Fundi Miwani akaomba kujaribu. Akalala chali, mikono kifuani, miwani usoni.

"Vipi?"

"Kizuri," akasema. "Kama meza."

Wivu tu. Na yeye hajawahi kushona kitu kikarusha pete.

Jumanne, 26 Machi

Nilikifungua jana jioni pembeni ya kitanda chetu. Chiriku akapanda, akajinyoosha, akasema, "Kizuri, mama." Asubuhi nikaamka yuko mgongoni kwangu kama kawaida. Nilipomuuliza akasema, "Nimezoea hapa."

Furaha niliyoipata, hata haya naona kuiandika.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua kutwa. Nimepiga pasi gauni.

Jumapili, 31 Machi

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. Lakini kwa mpangilio, nisije nikaruka.

Nilifika saa nane kasoro, kitanda begani. Ghorofa ya pili, ngazi zimepigwa deki. Nje ya mlango viatu vimepangwa kwa ukubwa, vya baba, vya Bi Taratibu, na mwisho kandambili ndogo za njano ambazo sijawahi kuziona. Mwanangu ana kandambili nisizozijua.

Bi Taratibu akanipokea. "Karibu, dada. Pole na mvua." Akanipa taulo. Nikajifuta huku macho yakizunguka yenyewe. Chumba cha Chiriku mlango ulikuwa wazi nusu: kitanda chake peke yake, shuka lililonyooka, dirisha. Kwenye fremu ya mlango kuna mistari ya penseli ya kimo chake, na tarehe pembeni. Mimi ninayeshinda na mkanda wa kupimia shingoni sijawahi kumwekea mwanangu mstari hata mmoja ukutani.

Vitanda tukaviweka sebuleni, sambamba. Cha kwangu kijani, kimekazwa. Cha buluu kilikuwa kimebonyea hata kabla hakijalaliwa, nikajizuia kutabasamu. Bi Taratibu akaleta chai. Chiriku akaambiwa aanze.

Akaanza na changu. Akalala chali, wima, mikono ubavuni, visigino pamoja. Alilala vilevile nilivyompima.

"Umestarehe?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama." Alikuwa anaitazama dari.

Kisha akahamia cha buluu. Hakujipanga. Alijitupa tu, akageukia ubavu wa kushoto, magoti yakapanda mpaka kifuani, mkono ukaanguka nje ya ukingo, vidole vikagusa zulia. Baba yake alikuwa akieleza habari za basi la shule. Hajafika mbali, mdomo wa mtoto ukawa wazi kidogo, na pumzi zikawa ndefu.

Nikamtazama. Nilijua nimeona mlalo ule mahali, na haikuwa kwangu. Nikakumbuka.

"Siku ile dukani," nikasema.

"Nilikuona, dada," akasema Bi Taratibu. "Ulikuwa nyuma ya hema la kahawia. Sikujua niamke nikusalimie au niendelee kulala. Nikaona haya."

"Ulikuwa umelala hivi."

"Nilikuwa namjaribia. Huku hulala hivi siku zote, nikipita kumfunika namkuta hivi. Nikaona akilalia kitu kigumu, bega litamuuma."

Alisema kwa wema, naapa alisema kwa wema, na hapo ndipo nilipoungua. Miaka tisa mtoto huyu ni wangu na sijui anavyolala. Mgongo wangu unajua joto lake, macho yangu hayajui kitu. Na mtu baki, kwa kupita tu na shuka mkononi, kakusanya usingizi wote wa mwanangu, kauweka kwake. Angeninyang'anya kitu kingine chochote ningestahimili kuliko hicho.

Nikasema, "Wewe huna wako, ndiyo maana unakodolea wa mwenzio."

Mdomo huponza kichwa, lakini leo wangu uliponza nyumba nzima. Baba Chiriku akaweka kikombe chini. "Hapo umezidi," akasema. Bi Taratibu akakusanya vikombe, na kimoja kilikuwa bado kimejaa, akaenda jikoni. Nikasikia bomba likifunguliwa na likaachwa linatiririka muda mrefu kuliko vikombe vitatu vinavyohitaji.

Chiriku akafumbua macho, akaketi. Akaangalia kitanda kimoja, akaangalia cha pili, akaniangalia mimi.

"Nachukua cha mama," akasema.

"Si ulikuwa umelala fofofo kwenye hicho?" baba yake akamuuliza.

"Nachukua cha mama."

Tukarudi kwa miguu, mimi kitanda begani, yeye ameshika mwavuli. Tangu geti lao mpaka mlango wetu Chiriku hakusema neno hata moja.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimeshinda.

Jumanne, 2 Aprili

Nilikirudisha kitanda kazini nikiongezee mkanda wa kubebea.

"Umeshinda," akasema Fundi Miwani. "Sasa mbona umenuna?"

Nikamwambia sijanuna. Nikamwambia kinachonichosha ni yule mwanamke, ana mume, ana nyumba yenye vyumba, ana maisha yaliyonyooka kama shuka lake, na bado anataka na kamoja kangu haka.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Saa ya chakula wote walitoka. Nikabaki. Nikakifungua kitanda changu na kulala juu yake, na si chali. Nikalala kama Chiriku. Ubavu wa kushoto, magoti juu. Bega likagonga kama nimelala sakafuni. Nyonga ikafuata. Nikautoa mkono nje, chuma kikanikata kwapani, kwa sababu turubai limekazwa usawa wa chuma na haliachi mwili uzame hata kidogo. Nikajilazimisha kuhesabu mpaka mia mbili. Nilifika mia moja na kumi.

Nimempima mtoto wima, nikamshonea kitu cha kulalia. Nimekaza kitanda kisikusanye maji, na kazi yake ni kukusanya mtoto. Na mtoto mwenyewe anajua. Kwangu alikilalia dakika chache, nyumba ile akakilalia dakika mbili, na bado kakichagua. Atakwenda kulala juu ya meza usiku tatu ili mama yake asiaibike.

Fundi Miwani aliporudi akanikuta bado nimelala. Akarudi nje, akakaa barazani mpaka saa ya chakula ilipokwisha.

Jumatano, 3 Aprili

Nimepiga moyo konde nikaenda hospitali, wodi ya watoto. Vitanda kumi na viwili. Alikuwa anamgeuza mtoto mmoja mwenye mguu wa plasta, mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya goti, na mtoto hata hakuzinduka. Nikamsubiri kwenye benchi la nje.

Alipotoka nikasimama.

"Nimekuja kuomba radhi."

Akakaa. Akaniacha nimesimama kidogo, na hiyo ilikuwa haki yake.

"Ulichosema ni kweli," akasema. "Sina wangu. Tumehangaika na madaktari, basi. Hilo nimelizoea kulisikia. Lakini hukupaswa kulisema mbele ya mtoto."

"Alikuwa amelala."

"Hakuwa amelala, dada. Akilala kweli vidole vinaachia. Ulipoanza kusema, alikuwa ameshika zulia."

Nikakaa na mimi. Tulikaa muda hivyo, akipita mtu tunavuta miguu.

Nikamwomba kitanda cha buluu. Kulitamka hilo, ni bora ningemeza shazia. Akatikisa kichwa.

"Mtoto alichagua ili wewe usiumie. Ukimpa cha buluu sasa, ataona hata hilo hakuliweza. Hicho cha kwako hakilegezeki?"

Nikamtazama. Fundi wa miaka kumi na moja, naulizwa na nesi kama kamba zinalegezwa.

"Kinalegezeka," nikasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Kaja karakana baada ya zamu, saa tisa alasiri, nguo za kazi mwilini. Akamwamkia Fundi Miwani. Akavua viatu, akavipanga pembeni, akalala kwenye kitanda changu. Ubavu wa kushoto.

Nikapiga magoti, nikaanza kulegeza, pete baada ya pete.

"Hapa?"

"Bado. Bega."

"Hapa?"

"Kidogo tena. Na hapa kwenye nyonga. Miguuni kaza ulivyokuwa umekaza."

Fundi Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Turubai likashuka kidole kimoja, viwili, vitatu. Mikono yangu ilikuwa inakataa. Kila nilichofundishwa kilikuwa kinanipigia kelele nikaze. Kwenye vidole vinne mkono wake ukaanguka nje wenyewe, chuma hakikumgusa kwapani.

"Hapa?" nikauliza.

Alikuwa amelala, usingizi wa kweli, wa mtu aliyesimama tangu alfajiri. Visigino vyake vimepasuka kama vyangu. Nilidhani wivu utakuwa umeniisha, haukuisha. Nilimwonea wivu hata pale, jinsi mwili wake mkubwa ulivyojua kujikunja ukawa mwanangu. Lakini nikamwashiria Fundi Miwani azime cherehani, akaizima, na tukamwacha nusu saa.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Nimefunga fundo kila pete ili kamba isijikaze yenyewe.

Jumatatu, 8 Aprili

Chiriku kakijaribu.

"Mama, kimelegea."

"Nimekilegeza."

"Si ulisema turubai likilegea linakusanya maji?"

"Wewe utakuwa ndani ya hema."

"Na hema likivuja?"

"Chiriku."

Akajigeuza. Kisha akasema, akiwa amenipa kisogo, "Nani alikwambia?"

"Mama mdogo," nikasema. Ni mara yangu ya kwanza kulitamka hilo jina, na sikufa.

Jumanne, 9 Aprili

Kaondoka. Mvua kubwa. Walivipakia vitanda juu ya basi na kufunika kwa turubai lililofungwa ovyo, pembe moja inapeperuka. Nikapanda ngazi ya nyuma nikalifunga upya, mwalimu akishangaa chini na mwavuli wake. Lile nimelikaza.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Nimetia penseli mfukoni nikaenda nayo kazini, nikarudi nayo. Akirudi nitamsimamisha kwenye fremu ya mlango.

Ijumaa, 12 Aprili

Kafika saa saba mchana, kachafuka mpaka masikioni, sauti imekauka kwa kuimba. Alikuwa anaongea kabla hajashuka kwenye basi. Hema la wavulana lilivuja, lao halikuvuja. Mwalimu anakoroma. Kuna mtoto kitanda chake kilivunjika wakalala wawili kwenye cha Chiriku, na hakikupasuka.

"Ulilala vizuri?"

"Nililala tu," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama alipumua.

Nikamwogesha. Nikamwekea mstari wake mlangoni, wa kwanza, nikaandika tarehe. Nikakifungua kitanda pembeni ya kitanda chetu kiingie hewa, nikaenda kusuuza nguo za matope. Niliporudi alikuwa juu yake.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda chetu, mikono inachuruzika maji, nikamtazama. Magoti juu. Mdomo wazi kidogo. Mkono nje, vidole vimeachia. Kuna mkunjo mdogo anauweka katikati ya nyusi, kama mtu anayepiga hesabu, kisha unaondoka. Miaka tisa.

Ni Ijumaa na baba yake angefika saa kumi na moja. Nikachukua simu, nikampigia Bi Taratibu.

"Kalala," nikamwambia, nikinong'ona. "Mwambie mwenzako asije mapema, tumwache."

"Kalala kwenye kitanda chako?"

"Ndiyo."

"Bega linazama?"

"Linazama."

"Mkono?"

"Uko nje. Anagusa sakafu."

Nikamsikia akitabasamu. "Ubavu wa kushoto," akasema, kama anayejisemea.

Nikatazama vizuri. "Hapana. Wa kulia."

"Huku hulalia wa kushoto," akasema. "Siku zote."

Sauti ilikuwa ileile, ya taratibu, lakini ilikuwa na kitu chini yake, kitu kidogo kilichobanwa. Nilikijua mara moja. Muhula mzima nimeishi nacho, nimekula nacho, nimekishonea upindo.

Nililiona jibu hapohapo. Kitanda chetu, nilichokikalia, kiko upande huo. Akilalia ubavu wa kulia, uso wake unanielekea mimi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeshatungwa uzi, bado kuchoma tu.

"Safari tu hiyo," nikasema. "Kachoka, hata hajui alivyoanguka."

"Eh, watoto," akasema, na akashusha pumzi.

Hakukata simu, na mimi sikukata. Nikaishusha polepole, nikaiweka sakafuni karibu na vidole vya Chiriku, ili na yeye kule amsikie mtoto anavyopumua.